Malori ya Barabara ya Zambia (Sehemu ya Tatu): Kibaha Ilipounganisha Scania

Foleni ya malori Tunduma imerudi kwenye vichwa vya habari, safari hii ikiandamana na habari ya TAZARA. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya China ya CCECC mkataba wa kuifufua reli hiyo kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na tangu hapo kila mchambuzi anapiga hesabu ya malori yatakayohamia kwenye mabehewa. Hakuna anayeuliza kwa nini katika msururu wote huo, kutoka Mpemba hadi geti la Nakonde, ni nadra kukuta lori lililokazwa boliti zake hapa nchini.

Waliofuatilia sehemu mbili zilizopita wanaijua njia yenyewe: walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia kuhamia barabara ya vumbi, na Fiat za Zambia Tanzania Road Services kupasua matope hadi bomba la TAZAMA lilipofika Ndola mwaka 1968. Leo ni zamu ya kiwanda.

Tanzania Automobile Manufacturing Company, TAMCO kwa midomo ya watu, ilikuwa kampuni ya umma iliyojengwa Kibaha, mkoani Pwani, kuunganisha malori na mabasi ya Scania kwa ushirikiano na Waswidi. Washirika hao hawakuwa wageni kwenye kazi ya chuma. Vabis ilianza Södertälje mwaka 1891 ikitengeneza mabehewa ya reli. Scania ilianza Malmö mwaka 1900. Zikaungana 1911, na mwaka 1969 zikaingia ndoa na watengeneza ndege wa Saab. Hata majina ya magari yao yalikuwa somo. Dereva mkongwe akitaja "mia na kumi na moja", tarakimu mbili za mwanzo ni ukubwa wa injini, lita 11, na ya mwisho ni kizazi cha gari. Ndiyo maana 112 na 113 zilizofuata zilibaki na lita zilezile lakini zikawa magari mengine kabisa.

Wapo wanaoibeza kazi ya kuunganisha, wakidai ni kufunga nati tu. Wanakosea, na kosa hilo limeigharimu nchi. Katika kazi hii makreti hufunguliwa, mihimili miwili ya chasisi ikalazwa kifudifudi ili ekseli na springi zifungwe bila taabu, kisha fremu nzima ikageuzwa kwa winchi kabla ya kushushiwa injini na giaboksi. Mipira ya breki za upepo hupitishwa mmoja mmoja na kupimwa kama inavuja. Kila boliti ina kipimo chake cha kukazwa, na iliyolegea itajulikana siku gari likiteremka Kitonga, au Senjele hapa Songwe, na tani 30 mgongoni. Kijana aliyefanya kazi hiyo miaka mitano analijua lori kuliko wakala anayeliuza.

Kilichoikaba TAMCO hakikuwa uvivu wa kijana huyo. Kiwanda cha kuunganisha kinakula fedha za kigeni, kwa kuwa kila kreti hulipiwa kabla halijapanda meli, na fedha hizo zilikauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza mwaka uliofuata, bei ya mafuta ikapanda 1979. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na malori yaliyokwisha kutumika Ulaya yakaanza kumiminika. Mashirika ya umma yalipowekwa mezani kwa ubinafsishaji miaka ya 1990, uunganishaji wa Scania Kibaha ulikuwa historia. Leo kwenye eneo la TAMCO kuna kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu. Ni kiwanda chenye faida kwa taifa, lakini hakifundishi mtu kufunga ekseli.

Tazama Brazil. Scania iliingia huko mwaka 1957, nayo ikaanza kwa kuunganisha. Tofauti ni kwamba serikali ya Juscelino Kubitschek iliwawekea watengeneza magari sharti la kuongeza vipande vya ndani mwaka hadi mwaka. Mwaka 1962 kilifunguliwa kiwanda kikubwa cha São Bernardo do Campo, ambacho bado kinazalisha malori. Sharti la namna hiyo ndilo mwandishi huyu amelipigia kelele miaka yote, na hataacha. Tanzania ilikuwa na Waswidi walewale pamoja na Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilichoanzishwa Kibaha hiyohiyo kuunda lori la Kitanzania. Kilichokosekana ni serikali kujilazimisha kununua vyake.

Nafasi imebaki ndogo kwa Songwe ya leo. Mkoa huu uliozaliwa 2016 una kituo cha pamoja cha forodha tangu Oktoba 2019, na foleni bado ipo. Pembeni mwa foleni hiyo utingo huweka jiwe nyuma ya tairi, na fundi akalala juu ya boksi kuchomoa jani la springi lililokatika. Jani jipya limetoka nje. Bushi imetoka nje, na bitana za breki vilevile. Kibaha kuna tena kiwanda, cha GF, kinachounganisha malori ya FAW, na Superdoll ya Dar es Salaam inaunda matrela. Halmashauri ya Mji wa Tunduma ikitenga kiwanja cha karakana za springi na bushi, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kikaleta wanafunzi wake hapo kwa mafunzo ya vitendo, wateja hawatatafutwa mbali, maana wamepanga foleni barabarani mchana na usiku. Sehemu ya nne itaeleza matrela yanavyoundwa.