UDONGO WETU NA MNYAUKO WA MIGOMBA

Nilipofika nyumbani likizo, wilayani Muleba, nilikuta migomba mitatu ya kibanja chetu imegeuka manjano. Baba akaniambia, "Mwanangu, udongo umechoka." Nami kwa kuwa nasoma kilimo, nikaona nimepata nafasi ya kuonyesha elimu yangu. Nikamwomba tuupime.

Kuchukua udongo wa kupima si kazi ngumu, ila uvivu huiharibu. Ukichota mahali pamoja tu, hasa karibu na samadi, majibu yatakudanganya. Nilizunguka kibanja chote, nikachimba mahali 15, kila shimo sentimeta 30. Nilichanganya udongo wote katika ndoo safi, nikauanika kivulini, nikatwaa nusu kilo na kuipeleka maabara.

Majibu yalisema kwamba udongo una uchachu mwingi, yaani pH 5.1, na potasi yake ni kidogo. Mgomba hupenda pH ya 5.5 hadi 7, nao hula potasi kwa wingi sana. Basi Baba alisema kweli: udongo ulikuwa umechoka.

Lakini majibu hayo yalikuja baada ya majuma matatu, na migomba migonjwa ilikuwa imefika 11. Bwana Shamba alipokuja hakuutazama udongo. Alikata shina, na baada ya kitambo kidogo likatoa usaha wa manjano. Akapasua ndizi iliyoiva kabla ya wakati wake. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia. Akasema, "Huu ni mnyauko wa bakteria." Ugonjwa huu ulielezwa kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na kwetu Kagera ukajulikana mwaka 2006.

Alitufundisha pia tusiuchanganye na mnyauko fuzari, uletwao na kuvu akaaye udongoni kwa makumi ya miaka. Huo huanza kwa majani ya chini kuwa manjano na kuning'inia, na shina likipasuliwa huonyesha mistari myekundu au ya kahawia, bila usaha. Huipenda sana migomba ya kisukari na kainja, lakini ile ya bakteria haichagui mgomba.

Kisha akauliza, "Panga la kupogolea liko wapi?" Nikamletea. Kila asubuhi nilikuwa nikikata majani ya migomba migonjwa, kisha ya mizima, kwa panga lile lile. Mwenye kuueneza ugonjwa nilikuwa mimi, mwenye elimu! Baba hakunigombeza; alikaa kimya tu, na kimya kile kiliniuma zaidi.

Ndugu wasomaji, kupima udongo hutuambia mgomba una njaa gani. Hakutuambii una ugonjwa gani. Kwa hiyo kwanza kata shina utazame. Ukiona usaha, ng'oa au kata mgomba ule hata chini, usiutoe nje ya shamba. Pitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ondoa ua la mkungu kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu, kwa maana nyuki na wadudu wengine huleta ugonjwa hapo. Wala usipande machipukizi usiyojua yametoka wapi.

Sasa tumeweka majivu na samadi, nalo panga letu halitoki jikoni kabla ya kupita motoni.