Nani Alikula Pensheni ya Keya?

Katika ukoo wetu kuna nyumba mbili ambazo hazialikani arusini wala mazishini tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Moja iko Makueni, nyingine Kitui. Kisa ni pensheni. Baba yake nyanya yangu, ambaye sisi humwita susu, alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, akapigana Burma. Aliporudi alihamia Makueni, nduguye akabaki Kitui. Basi ikasemekana kwamba huyo ndugu alikuwa akienda kwa DC kila mwezi, anaipokea pensheni na kuila.

Likizo ya Desemba niliamua kuifuata habari hii. Nawaeleza inavyofuatwa kwa sababu wengi wenu mna wazee wa Keya. Wakamba waliandikwa jeshini kwa wingi sana.

Anzia nyumbani, usikimbilie Nairobi. Susu alikuwa na mkebe wa majani chai. Ndani yake mlikuwa na nishani ya ncha sita, nyeusi kwa uzee, na cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne. Cheti kilionyesha namba ya askari, kwamba aliingia Machi 1942, akatoka Januari 1946, na kwamba alikuwa mzima wa mwili. Inakili ile namba kwanza. Jina halitoshi, kwani makarani wengi hawakujua Kikamba. Nzioka aweza kuandikwa Zioka, tena kina Mutua mwana wa Kioko wako tele kila lokesheni.

Halafu angalia wilaya. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka wa 1992, kwa hivyo karatasi za wakati wa vita utazitafuta chini ya Machakos. Mimi nilikuwa nimeandika "Makueni 1942" kwenye daftari langu, na mwalimu wetu wa historia akanicheka mpaka akatoa miwani.

Yeye ndiye aliyenipeleka katika jumba la Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, Nairobi. Humo mna ripoti za kila mwaka za madisii wa Machakos na Kitui. Nakiri nilipoteza nusu siku nikisoma habari za Muindi Mbingu na ng'ombe wa Wakamba mwaka wa 1938, ambazo hazikunihusu hata kidogo. Jina la mzee wetu sikuliona.

Jioni, ndani ya matatu, mwalimu akaniuliza, "Ni nani alikwambia kulikuwa na pensheni?" Nikanyamaza. Akanieleza kwamba kuna pensheni na kuna kiinua mgongo. Pensheni huja kila mwezi. Baada ya vita ile walioipata ni hasa wale walioumia. Askari wengi wa Kiafrika waliorudi wazima walipewa kiinua mgongo, mara moja tu, basi. Mwaka wa 2019 magazeti yalitangaza hati ya serikali ya Uingereza yenye viwango: askari mweusi wa cheo cha chini kabisa, shilingi 3 na senti 50 kwa kila mwezi aliotumika, mzungu wa cheo hichohicho aliyeishi makoloni, shilingi 10.

Nikatoa kalamu. Machi 1942 hadi Januari 1946 ni miezi 46. Jumla ni shilingi 161. Mzungu mwenzake angepata 460.

Nilipomsomea susu hesabu ile, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Na ya kila mwezi?" Nikamwambia, "Susu, kwa mtu mzima kama yeye, ya kila mwezi haikuwako." Akanyamaza kitambo kirefu, akikunja cheti kwa mikunjo yake ileile ya zamani. Yule ndugu wa Kitui alishafariki, lakini mkewe yu hai.

Kisha susu akaniuliza nauli ya kutoka Kibwezi hadi Kitui siku hizi ni pesa ngapi.