Utrecht: Gari linameza jua mchana, jioni linawasha mtaa

Katika mji wa Utrecht, inchi ya Uholanzi, kuna magari ya umeme yanayofanya kazi hata yakiwa yamesimama. Saa sita ya mchana, jua likiwa kali, gari lililounganishwa kwenye nguzo ya kuchaji linapokea umeme. Jioni, wakati kila nyumba inapika, waya ule ule unarudisha sehemu ya umeme huo katika mtandao wa mji.

Mwezi wa tatu 2019, mfalme Willem-Alexander alizindua huko nguzo ya namna hiyo, kazi ya kompani We Drive Solar na Renault. Mwezi wa sita 2025, magari 50 ya kwanza aina ya Renault 5 yaliingizwa katika kazi hiyo, na mpango ni kufikia 500. Wakaaji wanayatumia kwa zamu, kwa kulipa.

Mtu wa Goma ao Bukavu, aliyezoea delestaji, atashangaa: saa za mchana, shida ya Waholanzi ni umeme kupita kiasi. Nyumba zaidi ya milioni 2 zina paneli za jua juu ya paa. Zote zinatoa umeme kwa wakati mmoja, na kuna sehemu ambako nyaya zinalemewa. Jua likizama, zote zinanyamaza pamoja. Tena, kuanzia tarehe 1 Januari 2027, sheria inayomruhusu mwenye paneli kupunguziwa deni lake kwa kadiri ya umeme aliopeleka kwenye mtandao itakwisha. Mwenye kuweka umeme wake akiba atapata faida kuliko mwenye kuutupa nje mchana.

Na akiba ya gari si ndogo. Batri kubwa ya Renault 5 inabeba kilowati-saa 52. Ikitoa nusu tu, ingewasha taa tano za wati 10, saa tano kila usiku, kwa zaidi ya siku 100.

Lakini si kila gari linaweza. Umeme wa batri unakwenda upande mmoja. Ule wa mtandao wa Ulaya unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Magari mengi yana chombo cha kuubadilisha wakati wa kuingia tu, si wakati wa kutoka. Tena kila kujaza na kumwaga kunachosha batri kidogo, na dereva hataki kukuta gari tupu asubuhi. Kwa hiyo programu ndiyo inayochagua saa ya kutoa, na inabakiza umeme wa safari.

Ndani ya batri hizo mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, katika Lualaba na Haut-Katanga. Jua nalo halikosekani. Huko Goma, kompani Nuru iliwasha mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1,3, ambacho nacho kinaweka umeme wa mchana kwa ajili ya usiku. Batri zake hazina magurudumu.