MALI BILA DAFTARI
Ubia wa serikali na kampuni kubwa za mafuta unamhusu mfanyakazi



Wako wenzetu watakaouliza: habari za kampuni za mafuta zina faida gani kwa mchuma chai wa Teza au kwa mtu wa kiwandani hapa Bujumbura? Tunajibu kwamba zinatuhusu kila siku ya kazi. Tangu mwaka 2021 nchi yetu imepatwa na upungufu wa mafuta mara kwa mara. Sote tumeona foleni za magari kwenye vituo, na watu wakienda kazini kwa miguu alfajiri kwa kukosa basi. Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakichumwa lazima yafike kiwandani siku ile ile, na lori likikosa mazuti majani huharibika, na pamoja nayo jasho la aliyeyachuma.

Kwa hiyo hatuna budi kuelewa jinsi mafuta yanavyopatikana, na jinsi serikali maskini inavyoweza kushirikiana na kampuni tajiri pasipo kuonewa.

UBIA NI NINI?

Ubia ni shirika la watu wawili au zaidi wanaotia mali katika kazi moja na kugawana faida na hasara. Hapa Burundi mfano uko karibu: katika kiwanda cha bia cha BRARUDI, serikali ina sehemu ya hisa na kampuni ya Heineken ya Uholanzi ina sehemu iliyo kubwa zaidi. Katika mafuta nchi nyingi zimefanya vivyo hivyo. Serikali huunda shirika lake la mafuta, na shirika hilo huingia ubia na kampuni ya kimataifa.

Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Serikali ina ardhi, ziwa au bahari, na ruhusa ya kuchimba. Kampuni ina fedha, mitambo, wataalamu, na njia ya kufika sokoni. Kisima kimoja huweza kugharimu mamilioni ya dola na kutoka kikavu. Serikali maskini ikichimba peke yake na kukosa, fedha za shule na zahanati zimekwisha. Kampuni kubwa ikikosa hapa, itapata kwingine. Ndiyo sababu ubia unatafutwa, na si aibu kuutafuta. Shida iko katika masharti yake.

MAPIPA MIA MOJA

Mkataba unaotumika sana katika nchi zetu ni ule wa kugawana mazao. Indonesia iliuanzisha katika miaka ya 1960, na leo unatumika Tanzania, Uganda na kwingineko. Chini ya mkataba huu mafuta yaliyo ardhini ni mali ya taifa. Kampuni inatoa fedha za kutafuta na kuchimba. Mafuta yakipatikana, kwanza kampuni inajirudishia gharama zake, na yanayobaki ndiyo faida inayogawanywa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme yametoka mapipa 100. Mkataba unasema gharama zisizidi mapipa 50, na faida igawanywe 60 kwa serikali na 40 kwa kampuni katika kila mia. Gharama za kweli ni mapipa 30. Yanabaki 70: serikali inapata 42, kampuni 28.

Sasa tuseme kampuni imeandika kwamba gharama ni mapipa 50, na hakuna mtu wa serikali aliyeweza kupinga. Yanabaki 50: serikali inapata 30, kampuni 20. Lakini kampuni imeficha mapipa 20 mengine ndani ya gharama, kwa hiyo mkononi mwake ina 40. Serikali imepoteza mapipa 12, na hakuna herufi moja ya mkataba iliyobadilishwa. Mgawo wa 60 kwa 40 bado umeandikwa pale pale, na waziri anaweza kuusoma mbele ya wananchi kwa fahari.

Mkulima mdogo wa chai anaelewa jambo hili upesi. Anaahidiwa bei nzuri ya kilo, lakini kabla ya kulipwa anakatwa mbolea. Asiyejua bei ya mbolea wala uzito wa majani yake hawezi kujua kama amelipwa haki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

WENZETU WA TANZANIA

Tanzania iliunda shirika lake la mafuta, TPDC, mwaka 1969. Mwaka 1974 kampuni ya AGIP ya Italia iligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo, mkoani Lindi. AGIP ilitafuta mafuta. Gesi ile, mbali na soko kubwa, haikuipendeza. Ikaiacha.

Hapo ndipo faida ya kuwa na shirika la taifa ilipoonekana. TPDC haikuiacha. Iliendelea na kazi ya visima na kutunza habari zake, na serikali ikakopa Benki ya Dunia kwa kazi hiyo. Miaka ilipita mingi. Hatimaye mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, ikaanza kuendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na tanuru za kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Kitu kilichokuwa hakina thamani katika daftari la kampuni ya kigeni kilikuwa na thamani katika daftari la taifa, maana viwanda vya taifa vilikihitaji.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo. Ubia mpya uliendeshwa na kampuni ya PanAfrican Energy. Wakaguzi wa TPDC walipoitazama hesabu, walipinga gharama za mamilioni ya dola. Kampuni ilitetea hesabu zake, na mgogoro ukafika Bungeni mwaka 2011. Sisi hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Tunalosema ni kwamba swali lile lisingeulizwa kabisa kama shirika la taifa lingekuwa halina watu wa kusoma vitabu vile.

NORWEI ILIJIFUNZA KAZI

Watu wengi huitaja Norwei kwa utajiri wake wa mafuta. Afadhali tuitaje kwa namna ilivyojifunza. Mwaka 1972 iliunda shirika la serikali, Statoil, wakati watu wake walijua zaidi uvuvi na meli kuliko mafuta. Mwaka 1974 kampuni ya Mobil ya Marekani ilipata mafuta mengi sana katika eneo la Statfjord, chini ya bahari. Statoil ilikuwa na nusu ya hisa za leseni ile, lakini haikuwa na ujuzi wa kuendesha kazi. Mobil ikaendesha, na Wanorwei wakafanya kazi bega kwa bega nao, kila mmoja akijua kwamba siku moja atashika usukani. Tarehe 1 Januari 1987 Statoil ilipokea uendeshaji wa Statfjord kutoka kwa Mobil. Mobil haikufukuzwa, ilibaki mbia na kuendelea kupata sehemu yake.

Fundi wa gereji za Buyenzi anamfundisha kijana kwa njia hiyo hiyo. Kwanza kijana anashika taa, kisha anashika spana, mwisho anaifungua injini mwenyewe. Kijana aliyeshika taa miaka kumi na tano bila kuguswa spana hakufundishwa, alitumikishwa tu.

BOMBA LA HOIMA HADI TANGA

Karibu nasi zaidi iko kazi kubwa ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga, urefu wa kilomita 1,443. Uganda iligundua mafuta mwaka 2006, na uamuzi wa mwisho wa kuweka fedha ulifanywa Februari 2022. Katika bomba hilo TotalEnergies ya Ufaransa ina hisa 62 kwa mia, shirika la taifa la Uganda, UNOC, lina 15, TPDC ya Tanzania ina 15, na CNOOC, ambayo ni mali ya serikali ya China, ina 8.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Mashirika ya Uganda na Tanzania yakiungana yana 30 kwa mia. Hayawezi kumshinda mwenye 62 kwa kupiga kura peke yake. Lakini yamo ndani ya chumba, yanaona karatasi, na yanaweza kuuliza kwa nini mrija umenunuliwa kwa bei hii. Aliye nje ya chumba huambiwa jibu tu.

Wakati huo huo tusifiche upande wa pili. Watu wengi waliopitiwa na bomba walilalamika kwamba fidia za mashamba zilichelewa, na mwaka 2022 Bunge la Ulaya lilitoa azimio la kuilaumu kazi hiyo. Ubia mzuri kati ya wakubwa hauwi mzuri kwa taifa kama mwenye shamba la mihogo ndiye anayebeba gharama.

NA SISI JE?

Burundi haijapata mafuta yake. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima viwili katika tambarare ya Rusizi bila kupata mafuta ya kufaa biashara. Wataalamu bado wanaamini kuwa chini ya Ziwa Tanganyika huenda yapo. Lakini ziwa ni letu pamoja na Kongo, Tanzania na Zambia. Ndani yake mna mukeke na ndagala tunaokula, na maji yake hubadilika polepole mno, kwa hiyo uchafu ukiingia hautoki upesi. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia sahihi mkataba wa kulitunza, na mamlaka yake ina makao hapa Bujumbura. Mbia yeyote atakayekuja lazima aukute mkataba huo mezani.

Kwa sasa shida yetu ni ya kununua. Fedha za kigeni ni chache. Regideso, shirika la maji na umeme, lilipewa kazi ya kuagiza mafuta, kisha ikaundwa kampuni ya serikali ya mafuta, SOPEBU. Jirani zetu pia wamejaribu njia zao. Kenya, ilipokosa dola, iliingia mwaka 2023 katika mapatano na kampuni za serikali za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, ili ipate mafuta kwa mkopo wa siku 180. Mwaka 2024 Uganda iliipa UNOC kazi ya kuagiza mafuta yote, ikishirikiana na kampuni ya biashara ya Vitol. Mikopo ya namna hii inapunguza shida ya leo, lakini deni lina siku yake. Anayekopa hana budi kujua bei kamili, pamoja na usafiri na riba, hadi tone la mwisho linalofika kwenye tangi.

MASWALI YETU

Mfanyakazi hakai mezani pale mikataba inapotiwa sahihi. Lakini chama chake kina haki ya kuuliza, na maswali haya hayahitaji shahada:

1. Nani anasoma mita ya mafuta yanayotoka au yanayoingia, na je, mtu wa serikali anaisoma pia?
2. Nani anakagua gharama, na kila baada ya muda gani?
3. Ni vijana wangapi wa nchi watakaofundishwa, katika kazi zipi, na watashika kazi hizo mwaka gani?
4. Wafanyakazi wa makandarasi watapata mishahara na vifaa vya usalama sawa na wa kampuni yenyewe?
5. Ajali ikitokea shambani au ziwani, nani analipa, na kwa muda gani?
6. Mkataba utachapishwa ili wananchi wausome?

Serikali inayoweza kuyajibu maswali haya sita imeingia katika ubia wa kweli, hata kama hisa zake ni 15 kwa mia. Ile isiyoweza kuyajibu, hata ikiwa na nusu, inashikilia karatasi tu.

Ndugu zetu, tuyazungumze haya katika mikutano ya matawi, viwandani na mashambani. Daftari la taifa ni letu pia, na anayejua kulisoma amfundishe mwenzake.