Afya Yetu na Lugha ya Hojaji

Majuzi, nikiwa Makongeni, Thika, nilimwuliza mzee mmoja jirani kama anakunywa pombe. "La, mwanangu, niliacha zamani." Nikamwuliza, "Hata muratina, Mzee?" Akacheka. "Hiyo ni ya ruracio. Nayo utaiita pombe?"

Mzee hakusema uwongo. Alijibu swali alilolisikia, wala si lile nililolikusudia.

Mwaka wa 2015, Wizara ya Afya na Shirika la Taifa la Takwimu, kwa kufuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS, ziliwahoji watu wazima wapatao 4,500, wa umri wa miaka 18 hadi 69. Ilibainika kuwa asilimia 56 hawakuwa wamepimwa presha maishani mwao. Presha, kimo na sukari mwilini hupimwa kwa ala. Bali pombe, chakula na shughuli za mwili hujulikana aghalabu kwa kuuliza tu, na serikali hupanga matibabu na kinga kwa kutegemea majibu hayo.

Tuchukue shughuli za mwili. Hojaji ya asili hutenganisha kazi, mwendo wa miguu na michezo. Mfasiri mvivu akiandika "mazoezi" kotekote, mama anayepandisha mitungi ya maji hadi orofa ya nne atajibu kwamba hafanyi kamwe. Mazoezi, kwake, ni ya wenye nafasi na viatu vya kukimbilia. Basi atahesabiwa pamoja na wanaoshinda vitini, na jioni mgongo wamwuma!

Ni kweli kwamba utaratibu huo hutaka hojaji ikishafasiriwa irejeshwe Kiingereza na mtu mwingine, ili kasoro zionekane. Lakini neno "pombe" hurudi Kiingereza bila doa lolote, na muratina ya mzee wangu haionekani popote. Dawa ni kumwomba mhojiwa aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, alichoulizwa. Isitoshe, swali la pombe lina nafasi ya kutajia vinywaji vya kienyeji. Je, nafasi hiyo hujazwa na nani? Wanafunzi wetu wa isimu wangeweza kuifanya kazi hiyo wakati wa likizo, kila mmoja mtaani kwao, wakaanza kwa kuorodhesha vinywaji vyote vileweshavyo ambavyo wenyeji hawaviiti pombe.