The Wizard of Oz: maajabu ya sinema yaliyogharimu afya za waigizaji

Zaidi ya miaka 80 imepita tangu filamu ya Kimarekani The Wizard of Oz, yaani Mchawi wa Oz, ilipooneshwa kwa mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka 1939, na bado inaendelea kutazamwa na vizazi vipya. Hata hivyo, nyuma ya rangi zake za kupendeza kuna habari ya watu walioumia ili maajabu hayo yaonekane.

Filamu hiyo inatokana na riwaya ya watoto ya mwandishi L. Frank Baum, iliyochapishwa mwaka 1900. Msichana Dorothy, anayeishi katika shamba la jimbo la Kansas, anabebwa na kimbunga pamoja na nyumba yao hadi nchi ya ajabu iitwayo Oz. Huko anafuatana na sanamu la kutishia ndege, mtu wa bati na simba mwoga kumtafuta mchawi mkuu atakayemsaidia kurudi nyumbani.

Mwaka 1938, baada ya filamu ya katuni ya Walt Disney, Snow White, kupata mafanikio makubwa, kampuni ya MGM ilinunua haki za riwaya hiyo kwa dola 75,000. Upigaji picha ulianza mwezi Oktoba mwaka huohuo katika studio za kampuni hiyo mjini Culver City, California. Nafasi ya Dorothy alipewa Judy Garland, aliyekuwa na umri wa miaka 16.

Rangi na joto

Wakati huo filamu nyingi zilikuwa bado za rangi nyeusi na nyeupe. MGM iliamua kutumia mfumo wa Technicolor, ambao kamera yake iligawa mwanga na kuunasa katika mikanda mitatu kwa wakati mmoja. Kutokana na uamuzi huo, viatu vya Dorothy, ambavyo katika riwaya ni vya fedha, vilibadilishwa vikawa vyekundu ili ving'ae zaidi.

Kamera hizo zilihitaji mwanga mkali mno. Taa za studio zilipandisha joto hadi kupita nyuzi 38 za Selsiasi. Bert Lahr, aliyeigiza simba, alilazimika kufanya kazi katika joto hilo akiwa ndani ya vazi zito lililoshonwa kwa ngozi halisi ya simba.

Kompyuta hazikuwapo, kwa hivyo kila jambo la ajabu lilitengenezwa kwa mikono. Kimbunga cha Kansas kilikuwa mfuko mrefu wa kitambaa, wa mita zipatazo 10, uliozungushwa huku vumbi likipulizwa. Ama Dorothy anapofungua mlango na kuiona Oz, chumba alimosimama kilipakwa rangi ya kahawia, na aliyefungua mlango alikuwa mwigizaji mbadala aliyevaa gauni la kahawia. Mbadala huyo alipojitenga pembeni, Garland alijitokeza katika gauni lake la buluu, na watazamaji wakadhani picha yenyewe imegeuka rangi.

Sumu na moto

Wa kwanza kudhurika alikuwa Buddy Ebsen, aliyechaguliwa kuwa mtu wa bati. Uso wake ulipakwa unga wa alumini, na baada ya siku chache za kazi mapafu yake yalishindwa kuvuta pumzi. Alipokuwa amelazwa hospitalini, nafasi yake ilichukuliwa na Jack Haley. Safari hii alumini ilichanganywa iwe kama krimu ili isivutwe puani, lakini Haley naye alipata maambukizi ya jicho.

Tarehe 23 Desemba 1938 ilikuwa zamu ya Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi mwovu. Alitakiwa kutoweka kwa kushuka chini ya jukwaa huku moto na moshi vikilipuka. Moto uliwashwa kabla hajashuka, akaungua usoni na mkononi. Rangi ya kijani aliyopakwa ilikuwa na shaba, ikabidi isuguliwe haraka juu ya ngozi iliyokwisha kuungua.

Hamilton alikaa nje ya kazi kwa muda wa wiki sita. Hakuishtaki kampuni, kwani alijua kwamba angefanya hivyo asingepata tena kazi Hollywood. Aliporudi alikataa kata kata kuigiza tena penye moto. Onyesho la ufagio unaofuka moshi alipewa mwigizaji mbadala, Betty Danko, naye akajeruhiwa mguu pale bomba la moshi lilipolipuka.

Faida iliyochelewa

Waongozaji nao walipishana. Richard Thorpe aliachishwa kazi, George Cukor akashika kwa muda mfupi, kisha Victor Fleming akaongoza sehemu kubwa, na King Vidor akamalizia maonyesho ya Kansas. Hata wimbo Over the Rainbow ulikaribia kuondolewa kwa hoja kwamba unachelewesha hadithi. Ulibakishwa, na baadaye ukashinda tuzo ya Oscar.

Filamu iligharimu karibu dola milioni 2.8, na haikuleta faida hadi ilipooneshwa upya mwaka 1949. Kuanzia mwaka 1956 televisheni iliifikisha majumbani, na mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Ama Buddy Ebsen, alipona na kuishi hadi mwaka 2003. Haonekani popote katika filamu hiyo na jina lake halikutajwa, lakini sauti yake, iliyorekodiwa kabla hajaugua, ingali inasikika miongoni mwa waimbaji wanaoelekea kwa mchawi wa Oz.