Nani Alienda Sokoni, Nani Alikula Mwisho

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, kafyu ya kwanza ya janga la korona ilipoanza, wakaazi wengi wa Mombasa walikuwa bado njiani. Saa moja jioni ilifika na foleni ya kivuko cha Likoni haijaisha. Yaliyotokea pale yalisemwa sana wakati huo, na si nia ya makala haya kuyarudia. Tunauliza jambo ambalo halikusemwa sana: katika miezi ile yote ya barakoa na amri, ni nani ndani ya nyumba aliyetafuta chakula, nani aliyekipika, na kilipopungua, ni sahani ya nani iliyopungua kwanza?

Swali hili linaihusu kaunti moja kwa moja. Masoko na huduma za afya ni majukumu yaliyogatuliwa chini ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 cha Katiba hiyo hiyo kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Kimesema kila mtu, hakikusema kila nyumba. Nyumba inaweza kuwa na chakula na mtu mmoja ndani yake akalala bila kushiba.

Siku za wanaume, siku za wanawake

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka mbali, Amerika Kusini. Tarehe 3 Aprili 2020 serikali ya Peru ilianza kupunguza watu barabarani kwa kutumia jinsia. Wanaume waliruhusiwa kutoka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanawake Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili asitoke mtu. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi: kila siku nusu ya watu wazima wako nyumbani. Sokoni mambo yakawa mengine. Siku za wanawake masoko yalifurika, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakizinunulia familia nzima chakula. Msongamano uliokusudiwa kupunguzwa ukaongezeka, na baada ya takriban wiki moja amri iliondolewa. Panama, iliyoanza mpango kama huo siku mbili kabla ya Peru, iliendelea nao kwa muda mrefu zaidi.

Waliopanga hesabu ile walihesabu watu. Hawakuhesabu makapu.

Kenya haikugawa siku kwa jinsia. Hata hivyo, amri inayowahusu wote inaweza kuwalemea baadhi kuliko wengine, na ushahidi wa hilo hatuhitaji kuufuata Peru. Uko Kongowea.

Saa tatu zilizopotea

Soko la Kongowea huamka kabla ya jua. Malori ya nyanya, vitunguu, kabichi na viazi kutoka bara, na mengine kutoka Tanzania, hushusha mizigo usiku. Mama mboga anayetaka bidhaa nzuri kwa bei ya kumwachia faida huwahi alfajiri, achague, apakie, na meza yake iwe imepangwa mtaani watu wanapoamka. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri iliziondoa saa hizo. Jioni nako, wakati ambao mteja anashuka matatu na kupitia mboga za usiku, meza ilipaswa kuwa imeshafungwa. Kuanzia tarehe 8 Aprili safari za watu kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zilisitishwa pia. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini mama aliyezoea kuvuka kaunti kufuata muhogo au maembe hakuwa na lori.

Mnamo tarehe 7 Juni kafyu ilisogezwa ikawa saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Ni saa tatu tu kwa jumla. Aliyekuwa na meza ya mboga anajua thamani yake. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Upande wa mnunuzi, ushauri ulikuwa kupunguza safari za sokoni: mara moja kwa wiki, mtu mmoja kwa kila nyumba. Kiafya ulikuwa ushauri wa maana. Lakini tukubali kwamba ulimfaa zaidi mwenye friji na mshahara wa mwezi. Mwanamke anayeachiwa pesa ya matumizi kila asubuhi hununua unga wa kupima, mafuta ya kupima na nyanya tatu. Hafanyi hivyo kwa kutojua kupanga. Pesa yake inakuja kwa siku. Na kununua kwa kupima, ukipiga hesabu ya kilo, ni ghali kuliko kununua mfuko mzima. Kibarua kilipokatika na pesa ya asubuhi ikakosekana, kilichobaki kilikuwa daftari la deni la muuza duka, na mara nyingi aliyetumwa kuomba jina liongezwe pale alikuwa mama au binti.

Nafuu moja ilisaidia kuliko inavyokumbukwa. Mnamo Machi 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuwa kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kusitozwe ada, na hatua hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Kiwango hicho ndicho hasa cha kapu la siku moja au mbili. Mume aliyekwama upande wa pili wa mpaka wa kaunti aliweza kutuma mia mbili ya mboga bila sehemu yake kuliwa na ada.

Wanaume nao walijifunza. Mimi ni mmoja wao. Kabla ya korona nilikuwa mtu wa kuulizwa jioni kama nimekumbuka mkate. Ilipoamuliwa nyumbani kwamba atakayekwenda sokoni ni mmoja, na mwenzangu akiwa ananyonyesha, nikawa mimi. Wiki ya kwanza nilirudi na nyanya zilizokwisha kupondeka na samaki ambaye macho yake yalikuwa yamezama, nikaelezwa kwa upole kosa langu ni lipi. Mwezi wa pili nilikuwa najua ni meza gani huongeza nyanya na ipi haiongezi. Sijui wangapi tuliendelea baada ya kafyu kuondoka. Sokoni Jumamosi siwaoni wengi.

Mlo wa mchana uliorudi nyumbani

Kuna badiliko moja ambalo halikuonekana kwenye vichwa vya habari, nalo lilibana nyumba nyingi. Kabla ya janga, mwanamume anayefanya kazi bandarini, kwenye matatu au kwenye mjengo alikuwa akila nje walau mara moja kwa siku: chai na mahamri asubuhi, wali maharagwe kibandani mchana. Watoto walikuwa shuleni hadi alasiri. Pesa ya matumizi iliyoachwa nyumbani ilikuwa imepimwa kwa hesabu hiyo, mlo mmoja mkubwa wa jioni na kidogo cha kusukumia mchana.

Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na wanafunzi wote kwa jumla hawakurudi hadi Januari 2021. Hoteli za ufuoni zilibaki tupu. Vibarua vikapungua. Ghafla wote wako nyumbani saa saba mchana wakitazama jiko, na pesa ni ile ile au hakuna. Kiasi kilichokuwa kikitumika kibandani hakikuhamia nyumbani, kwa kuwa kilitoka kwenye kipato ambacho hakikuwapo tena. Sufuria iligawanywa mara zaidi, na kazi ya kupika, kuteka maji na kuosha ikaongezeka kwa mtu yule yule.

Hapa pwani Ramadhani ilizidisha uzito huo. Mwaka 2020 iliangukia kati ya mwishoni mwa Aprili na takriban tarehe 23 Mei. Magharibi huku kwetu huingia baada ya saa kumi na mbili na robo, hivyo kati ya kufungua na kafyu palikuwa na dakika zisizofika hamsini. Wauzaji wa viazi karai, kaimati, bajia na mikate ya mofa, wengi wao wanawake ambao mwezi huo ndio msimu wao, walikosa soko la usiku. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ulifungwa, watu wasiingie wala kutoka, na mikahawa yake ikafungwa, hadi mapema Juni. Familia zilizozoea kununua sehemu ya futari zikaipika yote nyumbani.

Si wanaume wote waliokuwa na wa kuwapikia. Kijana aliyepanga chumba peke yake, asiye na jiko zaidi ya birika la umeme, alitegemea kibanda. Kilipofunga mapema alilala na mkate na soda. Kumwambia ajifunze kupika ni rahisi, lakini jiko na sufuria vinahitaji pesa, na hiyo pesa ndiyo iliyokuwa imekatika.

Sahani ya mwisho

Sasa tufike kwenye sahani yenyewe. Katika nyumba nyingi mpangilio unajulikana bila kuandikwa: baba anapakuliwa kwanza na kipande kikubwa cha samaki, watoto wanafuata, na aliyepika anakula mwisho. Chakula kikiwa tele mpangilio huo hauna madhara makubwa. Kikipungua, wa mwisho anakuta mchuzi na ukoko. Akiulizwa, anajibu kuwa ameshiba au kwamba alikula jikoni. Ni uongo wa mapenzi, na hakuna anayemkatalia.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, lina njia ya kuupita uongo huo. Linauliza maswali manane kwa mtu binafsi, si kwa nyumba: katika kipindi kilichopita, je, kwa kukosa pesa au namna nyingine ya kupata chakula, uliruka mlo? Ulikula kidogo kuliko ulivyoona inafaa? Uliishi siku nzima bila kula? Ripoti ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2021 ilitumia majibu ya aina hiyo na kuonyesha kuwa mwaka 2020, duniani kote, kiwango cha kukosa uhakika wa chakula miongoni mwa wanawake kilizidi kile cha wanaume kwa asilimia 10. Mwaka uliotangulia pengo lilikuwa asilimia 6.

Mwili nao haujui adabu za mezani. Mwanamke wa umri wa kuzaa anapoteza damu kila mwezi, na mahitaji yake ya madini ya chuma ni takriban miligramu 18 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya miligramu 8 za mwanamume mzima. Akiwa mjamzito yanafika 27. Anayenyonyesha anahitaji nguvu ya ziada ya takriban kalori 500 kila siku. Kwa maneno mengine, kile kipande cha samaki kinachopelekwa sahani ya kwanza kinahitajika zaidi kwenye ya mwisho. Kuishiwa damu kwa mjamzito ni hatari kwake wakati wa kujifungua, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo.

Dawa yake nyingi iko sokoni na si ya bei ya juu. Wataalamu wa lishe wanapendekeza mwanamke wa miaka 15 hadi 49 apate kwa siku walau makundi 5 kati ya 10 ya vyakula. Sima, mbaazi, mchicha, dagaa na embe bivu ni matano tayari. Kamua ndimu juu ya mboga na mbaazi, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi au ya maziwa iache walau saa moja baada ya chakula, maana majani ya chai huyazuia madini hayo. Tunajua hili ni gumu kulisema Mombasa.

Siku ya kugawa misaada, swali la kila mtu na kila nyumba hurudi kwa sura nyingine. Mwaka 2020 serikali ya kitaifa ilituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa simu kwa baadhi ya familia zenye uhitaji. Simu ya nani? Jina la mkuu wa nyumba likiandikwa bila kuuliza ni nani anayenunua unga, pesa huweza kufika kwa mtu aliye mbali na sufuria. Mzee wa mtaa au afisa anapokuja kusajili, wana nyumba wana haki ya kuelewana na kumpa namba ya anayeshughulikia chakula, awe mume, mke au nyanya anayelea wajukuu. Pale ugomvi wa pesa ya chakula unapogeuka kuwa kipigo, namba ya bila malipo ni 1195, usiku na mchana.

Wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma na foliki wanapohudhuria kliniki katika vituo vya umma. Anayeviacha kwa sababu ya kichefuchefu amweleze muuguzi badala ya kuvificha kabatini. Na mhudumu wa afya ya jamii anapopita nyumbani na utepe wa kupimia mkono, wengi humsogezea mtoto tu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipima chini ya sentimita 11.5 anahitaji kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini utepe huo huo hupima pia mjamzito na mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, na kwao kiwango cha kuangalia ni sentimita 21. Mama, mtoto akishapimwa, nyoosha na wako.